Ibtisam Hafidh na Nyumba ya Waliotoroka

Kwenye kantini ya ghala moja la Hayes, pale wanapopakia vyakula vya abiria wa ndege, wanawake wawili wa Kikenya walikaa wakimsengenya mwanamke wa Kiarabu aliyekuwa meza ya pili akila wali wake wa jana.

"Hebu muone huyo," alisema mmoja. "Amejifunga kama yule madam wa Njeri. Hao watu wana roho ya jiwe."

"Na huku ameletwa na nini? Si wao ndio wenye mafuta?"

Yule Mwarabu akameza tonge, akafuta mdomo, akageuka.

"Mafuta wanayo wao, dada zangu," alisema kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. "Mimi n'na zamu ya asubuhi kama nyinyi. Na huyo Njeri ni nani?"

Mmoja alicheka mpaka chai ikampalia. Mwenziwe alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ibtisam binti Hafidh alizaliwa katika nchi moja ya Ghuba, lakini nyumbani kwao Kiarabu kilikuwa lugha ya sebuleni na Kiswahili lugha ya jikoni. Bibi yake alitoka Unguja mwaka wa mapinduzi, tumbo mbele na mtoto mgongoni, akarudi kwenye nchi ya mababu ambayo hajapata kuiona. Kule mtaani waliwaita Zinjibari, mara kwa utani, mara kwa kuwadharau. Ibtisam alikua akijua kuwa yeye ni mwenyeji mwenye kuulizwa ametoka wapi.

Kazi ya uandishi aliianza kwenye ukurasa wa wanawake: mapishi, harusi, namna ya kuondoa madoa kwenye zulia. Siku moja mwandishi mwenziwe aliugua, akatumwa yeye kwenda kuandika habari za ufunguzi wa kiwanda cha saruji. Wakubwa walikata utepe, wakapiga picha, wakaondoka. Ibtisam alibaki nyuma kumsubiri dereva, na katika kungoja kule akawasikia watoto wa kijiji cha jirani. Walikuwa wanakohoa. Mtoto mmoja angekohoa ingekuwa mafua. Hawa walikohoa nyumba kwa nyumba. Akarudi wiki ile kwa gari la ami yake, akakaa na mama zao, akaandika. Habari ikatoka kwa sababu mhariri mkuu alikuwa safarini na msaidizi wake hakuwa na tabia ya kusoma anachokipitisha.

Walipomkamata, afisa alimuuliza swali moja tu, kwa sura nyingi.

"Nani aliyekutuma?"

"Kikohozi," alijibu.

Kofi alilopigwa kwa jibu lile liliacha sikio la kushoto likivuma mpaka leo. Lakini jibu hakulibadilisha. Walimwachia baada ya kutia saini ahadi kuwa hataandika tena, naye alitia saini kama mtu anayetia saini kupokea kifurushi cha jirani. Mwaka uliofuata alipata mafunzo ya muda mfupi London. Kabla hayajaisha, rafiki yake akampigia: wameshakwenda nyumbani kumuulizia, na uwanja wa ndege unamngoja. Ibtisam hakurudi. Aliomba hifadhi, akangoja, akapewa, na siku alipopewa alikwenda Southall kununua masufuria, maana mtu mwenye masufuria yake hayupo safarini.

Chumba alipanga kwa Bi Damyanti, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Unguja, Mtaa wa Hurumzi, na ambaye bado alisema "mashaallah" akiona mtoto mzuri ingawa mapajani kwake palilala kitabu cha sala za Kihindu. Kazi ya kalamu alipewa na Mahir, Mwiraqi mwenye mvi aliyeendesha gazeti la mtandaoni la Kiarabu kutoka chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, hapo hapo Southall. Mahir alikuwa mwandishi hodari na mlipaji hafifu, na ndiyo sababu Ibtisam akawa asubuhi ghalani na mchana gazetini.

Basi siku ile ya kusengenywa, alipouliza habari za Njeri, wale wanawake walimwambia. Ni msichana wa Nyeri aliyekuwa mfanyakazi wa ndani huko Ghuba, mji ule ule alikozaliwa Ibtisam. Tajiri wake alimleta London kiangazi kimoja kuangalia watoto, naye akatorokea mlango wa nyuma wa duka kubwa wakati madam anajaribu viatu. Sasa anasuka nywele Woolwich.

Ibtisam alipanda treni Southall, akashuka Woolwich, akapita sokoni katikati ya ndizi za kupika na simu za mtumba, akaiona saluni.

"Nisuke," alimwambia Njeri.

Njeri alimtazama juu mpaka chini. "Nywele zako zitateleza. Na mimi na Waarabu tulimalizana."

"Basi nisuke zikiteleza. Nitalipia kuteleza."

Siku ile Njeri alisuka, akapokea pesa yake, basi. Ibtisam alirudi wiki iliyofuata, na ile nyingine, bila ya kuuliza. Alimwambia yeye ni nani na anafanya kazi gani, akamwambia sikio lake moja linavuma na kwa nini. Siku hiyo vidole vya Njeri vilisimama.

"Walikupiga kwa sababu ya watoto wa watu wengine?"

"Walinipiga kwa sababu nilijibu vibaya."

Njeri alicheka kidogo. Kisha akaanza kusuka tena, polepole, na akasema huku akisuka, kana kwamba anaziambia nywele.

"Nyumba ya kwanza nilitoroka kwa sababu mzee wa pale alikuwa anafungua mlango wangu. Polisi wakanirudisha kwa ajenti. Ajenti akanipeleka kwa ile nyumba. Iko nyuma ya ofisi yao, kwa mtaa wa nyuma ya shule moja kubwa, geti la kijani. Wasichana tumejaa ndani kama magunia, Wakenya, Waganda, Watanzania, wote ni wale walitoroka. Simu wamechukua. Unakaa hapo mpaka mtu mwingine aje akuchukue, na kila siku unaambiwa wewe ndio umekosa. Kulikuwa na mmoja anaitwa Miska, wa Kwale. Alikuwa na homa. Tuligonga ule mlango mpaka mikono ikavimba. Walipokuja kufungua, Miska alikuwa ameshaenda."

Alifunga msuko mmoja. Kisha akasema, "Waliambia mamake ni moyo. Miska alikuwa na moyo mzuri kutushinda sisi wote."

Ibtisam alirudi Southall, akampita Bi Damyanti mlangoni bila ya salamu, jambo ambalo hajapata kulifanya. Mtaa ule wenye geti la kijani alikuwa anaujua. Alikuwa akipita pale akienda shule.

Mahir aliisikiliza habari nzima huku amefumba macho. "Mtu mmoja akisema, hayo ni masikitiko," alisema. "Watu wengi wasiojuana wakisema lile lile, hiyo ni habari. Nenda kawatafute."

Ilimchukua majira ya baridi yote. Hapo ndipo Kiswahili cha jikoni kilipofanya kazi ambayo Kiarabu cha sebuleni kisingeiweza. Alizungumza na wanawake waliorudi Mombasa, Jinja, Singida. Wengine walimkatia simu wakisikia jina lake, kisha wakapiga tena wenyewe. Kila mmoja alitaja geti la kijani. Kila mmoja, bila ya kuulizwa, alitaja Miska. Mwisho akampata dereva wa zamani wa ajenti, mtu mmoja wa Tanga aliyekuwa amesharudi kwao, na yule ndiye aliyemwambia mwenye nyumba ni nani. Alikuwa naibu waziri, tena wa wizara ile ile inayosimamia kazi za wageni. Dereva alikuwa akimpelekea funguo. Ibtisam hakutosheka na mdomo wake mmoja. Aliwatafuta majirani wa zamani wa mtaa ule, nao wakamthibitishia.

Kazi ilipokamilika, likabaki jambo moja ambalo mwandishi mwenye haki halikwepi: kuwaandikia wanaotuhumiwa na kuwauliza wana la kusema.

"Tukishawaandikia," alisema Mahir, "watajua. Na watu wako wako kule."

"Waandikie," alisema Ibtisam.

Jibu halikuja kwa barua. Jibu lilikuja kwa ndege, limevaa koti jipya la baridi, na jina lake Talib.

Talib ni kaka yake mkubwa, mhandisi wa barabara serikalini, mtu mpole aliyefundishwa tangu utotoni kwamba Zinjibari mwenye busara hainui kichwa kikaonekana. Walikutana kwenye mkahawa wa chai pale barabara kuu ya Southall. Alimkumbatia dada yake muda mrefu, akampa halwa iliyofungwa na mama yao, kisha akakaa na kuyatoa maneno aliyopewa.

"Wamesema mambo yamekwisha, Ibtisam. Pasi yako itarudi. Kuna jarida jipya, wanataka mhariri mwanamke. Mama anakuwa mtu mzima. Unachotakiwa ni kuiacha hii habari moja tu. Moja."

"Kaka, umewahi kupita mtaa wa nyuma ya shule yetu?"

"Usinihadithie."

"Kuna geti la kijani—"

"Nimesema usinihadithie!" Watu wa meza ya jirani waligeuka. Talib akashusha sauti. "Mimi n'na watoto. Wakinifukuza kazi, wakanitoa nyumba ya serikali, niende wapi? Unajua wewe uliyeko huku, unakunywa chai ya maziwa, sisi ndio tumewekwa rehani?"

Neno lile lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikaa akiitazama halwa. Alimpenda kaka yake. Yeye ndiye aliyemfundisha baiskeli, yeye ndiye aliyempelekea nguo alipokuwa ndani. Lakini aliinua uso.

"Ni kweli umewekwa rehani, Talib. Lakini si mimi niliyekuweka. Waliokuweka ndio hao hao waliokukatia tikiti. Nikinyamaza leo, kesho watakutuma tena kwa jengine, na keshokutwa jengine, na mimi na wewe tutazeeka hivyo, wewe unatumwa, mimi nanyamaza."

"Kwa hiyo hilo ndilo jibu lako?"

"Waambie nimekula halwa, nimeshukuru. Habari inatoka."

Talib aliondoka bila ya kumaliza chai. Ibtisam alibaki pale mpaka mhudumu akaja kufuta meza.

Baada ya hapo mambo yakaja mfululizo. Simu yake ilianza kuwa ya moto hata ikiwa imelala, na mtaalamu aliyemjua Mahir akaikagua akakuta imeingiliwa. Kila alichosema ndani ya wiki zile kilikuwa na msikilizaji wa tatu. Ikabidi awapigie wanawake wote, kwa simu ya kuazima, kuwaambia. Alitaraji watajitoa. Wachache walijitoa, na hakuwalaumu. Waliobaki walisema wasikilizwe tu, maana walipokuwa mle ndani walipiga kelele na hakuna aliyesikiliza.

Kisha wakaja wanaume wawili mpaka mlangoni kwa Bi Damyanti, adhuhuri kweupe, wamevaa suti, wakauliza kama hapa anaishi msichana wa Kiarabu.

Bi Damyanti, ambaye kimo chake hakifiki bega la mlango, alisimama kizingitini na kijiko cha unga wa dengu mkononi.

"Mnamtaka wa nini?"

"Sisi ni jamaa zake."

"Jamaa zake nawajua. Hujifunga kilemba vizuri kuliko nyinyi." Akawageuzia Kiswahili ambacho hawakukijua. "Mimi Unguja nimetoka na begi moja, kwa sababu wanaume waligonga mlango na baba yangu akawafungulia. Mlango huu ni wangu. Poteleeni mbali!" Akaufunga kwa kishindo, akamwita Ibtisam ashuke ale, akapiga simu polisi, kwa mpango huo huo.

Jioni Mahir akatoa shauri. "Tuitoe bila ya jina lako. Tuandike 'na mwandishi wetu.' Hakuna atakayekulaumu."

Njeri alikuwepo; alikuja kurekodiwa mazungumzo yake kwa kamera. Mahir alikuwa amemwekea kiti ampe dirisha mgongo ili sura iwe giza tupu.

"Hii ni nini?" aliuliza Njeri.

"Ili wasikujue."

"Mimi niliiba?" Akainuka, akakibeba kiti mwenyewe, akakiweka upande wa pili, mwanga wote ukamwangukia usoni. "Waliniweka mahali hakuna mtu wa kuniona. Sasa waone."

Ibtisam akamgeukia Mahir. "Umesikia. Jina langu likae juu, kwa herufi kubwa."

Siku moja kabla ya kuitoa, mama yake alipiga simu. Bi Time hakuwa mtu wa kupiga mchana. Sauti yake ilikuwa kavu, na maneno yalikuwa ya Kiarabu cha magazeti ambacho hajapata kukisema maishani mwake.

"Ewe Ibtisam binti Hafidh. Sisi familia yako tunajitenga na vitendo vyako vya kuitukana nchi. Wewe si binti yetu mpaka utubu."

Nyuma ya sauti ile Ibtisam alimsikia mwanamume akikohoa. Akajua mama yake anasoma, na kuna mtu kwenye sebule yao, amekaa pengine kwenye kiti cha marehemu baba.

Kisha Bi Time, kwa sauti ile ile ya ukali, bila ya kuvuta pumzi, akaingia kwenye Kiswahili.

"Hayo yao nimeshayasoma. Haya yangu. Mimi mzima. Talib mzima, ana hofu tu. Usijibu kitu. Lia, wakusikie unalia, waondoke hapa nikapike. Halafu fanya kazi yako, mwanangu, ifanye mpaka mwisho. Bibi yako hakuvuka bahari ili sisi tuje tuinamishe vichwa. Lia!"

"Umesema nini?" aliuliza yule mwanamume kwa Kiarabu, sauti karibu na simu.

"Nimemlaani," alijibu Bi Time. "Kwa lugha ya bibi yake, ili imwingie."

Na Ibtisam akalia. Aliambiwa alie kwa kuigiza, lakini machozi yaliyokuja hayakuwa ya kuigiza. Alilia kwa sauti, kama mtoto, mpaka simu ikakatwa upande wa pili. Kisha akanawa uso, akakaa mezani, akaisoma habari yake neno kwa neno kwa mara ya mwisho, akabadilisha nukta mbili, akamwambia Mahir, "Itoe."

Waliitoa kwa Kiarabu na kwa Kiswahili kwa pamoja. Uso wa Njeri ulizunguka kwenye simu za watu kutoka Woolwich mpaka Kwale. Nchi ile ilisema ni uongo wa maadui. Kwenye televisheni yao mtu mmoja mwenye ndevu za kupakwa rangi alisema mwandishi huyu hata si Mwarabu kamili, ni katika wale waliotoka pwani ya weusi. Ibtisam aliiona video ile ndani ya treni, akatabasamu. Miaka yote ile walikuwa wanasema chinichini. Sasa wamesema kwa kipaza sauti, na dunia imewasikia. Baada ya wiki mbili tatu wakamvua uraia kwa tangazo la mistari michache.

Hakuna aliyeshtakiwa. Ni lazima hilo lisemwe, kwa sababu Ibtisam mwenyewe hapendi habari yake isimuliwe kama ushindi wa kupigiwa vigelegele. Naibu waziri alihamishiwa wizara nyingine. Talib alitolewa kwenye nyumba ya serikali na akashushwa cheo, na hakumpigia dada yake simu kwa muda mrefu. Alipopiga, alizungumza habari za mvua, akauliza London kuna mvua gani, na yeye akamweleza mvua ya London kwa urefu, na wote wawili wakafahamu kwamba hayo ndiyo mazungumzo wanayoyaweza kwa sasa.

Lakini geti la kijani lilifunguliwa. Waandishi wa mashirika makubwa walipoanza kuuliza maswali, wasichana waliokuwamo walipandishwa ndege haraka haraka na kurudishwa kwao. Mmoja alimtumia Ibtisam sauti kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi. Hakusema asante wala nini. Alisema tu, "Dada, nimefika, nakunywa chai," na nyuma yake zilisikika kelele za watu wanaopokeana. Na mama yake Miska, aliyekuwa ameambiwa ni moyo, alisimama na mawakili mahakamani Mombasa na kudai mwili wa mwanawe uliozikwa ugenini bila ya yeye kuitwa. Kesi hiyo bado inakwenda.

Ibtisam aliacha kazi ya ghala mwaka uliopita, pale gazeti la Mahir lilipopata wasomaji wa kutosha kumlipa mshahara unaofanana na mshahara. Siku hizi Jumamosi huwa Woolwich, nyuma ya saluni ya Njeri, ambako wanawake huja na wakati mwingine hawasuki kitu. Ni mmoja wao aliyemletea habari kwamba ajenti yule amefungua tena, jina jipya, mtaa mwingine.

Aliithibitisha kwanza, kama kawaida yake. Kisha, asubuhi moja, akiwa kwenye kiti cha saluni na Njeri amesimama kando yake mikono kifuani, akapiga namba ya ofisi ile. Akapokea kijana mwenye sauti ya upole, akamkaribisha kwa Kiarabu cha biashara.

"Naitwa Ibtisam binti Hafidh," alisema. "Ni mwandishi wa habari, nazungumza kutoka London. Nina maswali kuhusu nyumba yenu mpya."

Kule upande wa pili kiti kikasogezwa. Mlango ukafungwa.

"Jina nani, umesema?"

"Ibtisam," alimwambia. "Chukua kalamu. Nitakutajia herufi moja moja, usije ukakosea."